Nani Anaruhusiwa Kusoma? Uhakiki wa Maandishi Yaliyojenga Tasnia ya Programu

Katika semina zetu za nadharia ya uhakiki kuna swali lisilochoka kurudi: matini zipi zina haki ya kuhakikiwa? Riwaya, sawa. Shairi, sawa. Hata khanga tumekwisha kubali kwamba ina usemi, na usemi wake una msemaji na mlengwa. Lakini mtu akileta barua ya mfanyabiashara, ilani ya fundi wa kompyuta au waraka wa ndani wa kampuni, wenzetu humtazama kama aliyepotea njia akaingia idara isiyo yake. Mimi nimeamua kupotea njia hiyo makusudi. Nataka kusoma maandishi machache ya Wamarekani na Wazungu waliojenga tasnia ya programu na intaneti, mengi yakiwa ya kati ya 1976 na 1998, kwa macho yale yale tunayomsomea mtunzi yeyote: nani anasema, anamwambia nani, ndani ya "sisi" yake wamo akina nani, na jambo gani amelikalia kimya.

Sababu yangu ni moja. Historia ya intaneti tumezoea kusimuliwa kama hadithi ya mashine na matajiri. Fulani alianzia gerejini, fulani akawa bilionea, basi, hadithi imekwisha. Nadhani hadithi hiyo imepinda. Programu ya kompyuta kabla ya yote ni maandishi. Mtu ameketi akaiandika mstari kwa mstari, katika lugha yenye sarufi yake, na mwingine anayeijua lugha hiyo anaweza kuisoma, kuisahihisha, kuiiga. Ikiisha kuandikwa, mara nyingi hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine inazimeza lakini binadamu hawezi kuzisoma kwa raha. Ni kama wali wa nazi: ukishaiva, hakuna atakayeirudisha nazi kwenye kifuu. Anayekuuzia programu iliyokwisha kupikwa, maandishi yake akabaki nayo kabatini, amekuuzia kitu cha kutumia, hakukuuzia kitu cha kusoma. Ugomvi mkubwa wa tasnia hii, kwa maoni yangu, haukuwa juu ya mashine, wala haukuwa juu ya fedha peke yake. Ulikuwa juu ya nani anaruhusiwa kusoma.

Nianze na barua. Mwezi Januari 1975 jarida la Marekani liitwalo Popular Electronics lilitoka na kompyuta ya Altair 8800 kwenye jalada. Lilikuwa sanduku la kuunga mwenyewe, halina skrini wala kibodi. Ulisema nalo kwa kupandisha na kushusha swichi, nalo likakujibu kwa kuwasha vitaa. Bill Gates na Paul Allen waliliandikia tafsiri ya lugha ya BASIC ili mwenye sanduku aweze kuandika programu bila adha ya swichi. Kazi yao ilihifadhiwa katika mkanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Huko California kulikuwa na klabu ya watu waliopenda kujiundia kompyuta, Homebrew Computer Club, waliokutana kwa mara ya kwanza Machi 1975 katika gereji ya mmoja wao. Mkanda mmoja uliwaangukia mikononi, ukanakiliwa, nakala zikagawiwa bure mkutanoni. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Barua ya wazi ya Gates ina tarehe 3 Februari 1976. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 20. Anawaambia wasomaji wake, bila kuzunguka mbuyu, kwamba wengi wao ni wezi. Kisha anapiga hesabu: wenye Altair walioinunua BASIC hawafiki asilimia 10, muda wa kompyuta uliotumika kuitengeneza una thamani inayozidi dola 40,000, na mapato yakigawanywa kwa saa walizofanya kazi, hazifiki dola 2 kwa saa. Baada ya hesabu yanakuja maswali ya balagha kuhusu mtu gani atakubali kufanya kazi ya ustadi bila ujira, na mwisho ahadi, kwamba akilipwa ataajiri watu kumi na kulifurikisha soko kwa programu nzuri.

Kama kipande cha maandishi, tuseme kweli, barua ni nzuri. Ni fupi, haina pambo, na kila aya inasukuma inayofuata. Na dai lake si la kipuuzi. Yeyote aliyewahi kukiona kitabu cha mtunzi wetu kimepigwa fotokopi kizima kizima pale nje ya geti la chuo hana ubavu wa kumcheka Gates. Mimi nimo katika kundi hilo, na fotokopi ninazo.

Lakini kazi ya mhakiki ni kuuliza kilichonyamaziwa. Huo muda wa kompyuta wa dola 40,000, kompyuta ilikuwa ya nani? Ilikuwa PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Harvard, mashine iliyogharimiwa na fedha za utafiti za Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Na hiyo BASIC, lugha yenyewe ilikuwa ya nani? Ilibuniwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth, ili wanafunzi wasio wa sayansi nao waweze kutumia kompyuta. Barua inaanza kuhesabu jasho pale tu mwandishi alipoweka mkono wake. Jasho la waliotangulia limekuwa kama hewa, linavutwa wala halitajwi. Sisemi kwamba alikosea kudai chake. Nasema alichora mstari wa umiliki mahali palipomfaa yeye, akauchora kwa lugha ya maadili, na kwa miaka mingi iliyofuata watu waliushika mstari huo kana kwamba umeshushwa kutoka mbinguni.

Jibu kubwa lilikuja miaka tisa baadaye, kutoka kwa mtu wa tabia tofauti kabisa. Richard Stallman alikuwa katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, mahali ambapo desturi ilikuwa mtu akiandika programu anaiacha wazi wenzake waisome. Kisa anachopenda kukisimulia ni cha printa. Xerox iliipa maabara printa ya leza, nayo ikawa inakwama karatasi. Kwa printa ya zamani Stallman aliwahi kuongeza mistari michache kwenye programu, watu wakawa wanapata taarifa karatasi zinapokwama, anayesubiri akaenda kuzikwamua. Kwa printa mpya hakuweza, maana maandishi ya programu yake hakuwa nayo. Akamfuata mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nayo, akamwomba. Akanyimwa: jamaa alikwisha kutia sahihi kwamba hatamwonyesha mtu.

Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, Januari 1984 akaacha kazi MIT, na Machi 1985 ilani yake ikachapishwa katika Dr. Dobb's Journal. Fani ya ilani hiyo ingemfurahisha msomaji wa Kiswahili kuliko hata Mmarekani. Sehemu yake kubwa ni malumbano. Anayejua jinsi washairi wetu walivyojibizana kwenye kurasa za magazeti ataitambua mara moja: dai la mpinzani linawekwa wazi, halafu linajibiwa, linawekwa jingine, linajibiwa. Tofauti ni kwamba hapa mtunzi mmoja anashika zamu zote mbili, na bila shaka mpinzani wake hashindi hata raundi moja.

Maudhui yake ni ujirani. Kwake yeye, kutia sahihi kwamba hutamgawia mwenzako programu ni sawa na kula kiapo cha kumnyima jirani chumvi. Hapa ndipo nguvu yake ilipo. Udhaifu wake uko pale anapoulizwa waandishi wa programu watakula nini. Anataja mafunzo, matengenezo, hata kodi maalumu ya kugharimia uandishi wa programu. Ni majibu ya mtu asiyekuwa na watoto wa kulipia ada. Kwa swali hilo Gates wa 1976 alikuwa na miguu ardhini zaidi.

Kuna jambo moja la lugha siwezi kuliacha. Neno la Kiingereza alilolitumia Stallman linabeba maana mbili, bure na huru, na kwa miongo kadhaa amelazimika kueleza kila alipokwenda kwamba yeye anakusudia la pili. Kiswahili kingemwokolea muda. Sisi tuna "bure" na tuna "huru", na hakuna mwenye akili timamu anayeyachanganya. Naomba msomaji ayaweke maneno hayo mawili mfukoni, tutayahitaji mbele kidogo.

Sasa wavuti. Machi 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, alimpelekea mkuu wake, Mike Sendall, pendekezo la kupanga taarifa za kituo kwa viungo. Sendall aliandika kwa mkono juu ya jalada kwamba wazo lilikuwa na ukungu lakini linasisimua. Ndiyo uhakiki mfupi na wenye matunda kuliko wote ninaoujua. Mwisho wa mwaka 1990 seva na kivinjari cha kwanza vilikuwa vinafanya kazi. Ukurasa wa wavuti ulikuwa maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama: hiki ni kichwa, hii ni aya, hiki ni kiungo. Mashine ilimletea msomaji maandishi hayo hayo, hayajapikwa, na kivinjari ndicho kilichoyapanga mbele ya macho.

Wavuti haikuwa peke yake. Chuo Kikuu cha Minnesota kilikuwa na mfumo wake ulioitwa Gopher, uliotoka mwaka 1991, na mwanzoni ndio uliokuwa mbele. Mapema mwaka 1993 chuo kilitangaza kwamba baadhi ya waendeshaji wa seva za Gopher watatozwa ada. Tarehe 30 Aprili mwaka huo huo CERN ilitoa tamko la kuachia haki zake: programu za wavuti ziwe za watu wote, yeyote azitumie, azibadilishe, azigawe. Karatasi mbili, zote za taasisi za umma, zimepishana kwa majuma machache. Wanahistoria watataja sababu nyingine za Gopher kufifia, nazo zipo, kwa mfano wavuti ilikuja kuweza kuonyesha picha ndani ya maandishi. Mimi naona karatasi hizo mbili zinatosha kumfanya mtu asitishe kuamini kwamba teknolojia iliyo bora daima hujishindia yenyewe.

Mwaka huo huo Marc Andreessen na Eric Bina wa Chuo Kikuu cha Illinois wakatoa kivinjari cha Mosaic. Kila anayekisimulia husifu picha zake. Mimi nasifu kitu kidogo ambacho hakikupigiwa debe: ungeweza kukiambia kikuonyeshe chanzo cha ukurasa, yaani maandishi yenyewe pamoja na alama zake. Umependa ukurasa wa mtu? Fungua, soma alivyofanya, nakili, badili jina, weka wako. Watu wengi mno walijifunza uandishi wa wavuti kwa njia hiyo bila mwalimu wala ada, kama vile manju chipukizi anavyokaa karibu na manju mkubwa, akazihifadhi tungo zake kichwani kabla hajathubutu kutunga yake. Katika sanaa zetu simulizi hilo halijawahi kuitwa wizi. Linaitwa kujifunza.

(Nikiwa kwenye neno hilo, "kivinjari" ni mojawapo ya istilahi zetu zilizofaulu. Kuvinjari ni kuzunguka huku ukipeleleza, hasa majini. Angalia basi majina waliyochagua wenyewe: Navigator, nahodha anayeongoza njia, Explorer, mpelelezi wa nchi za watu, Konqueror, ambaye huhitaji kamusi kujua anakwenda kufanya nini huko. Januari 2003 Apple wakaja na chao wakakiita Safari, neno tuliloliazima kwa Waarabu, tukaazimwa na Waingereza, na hakuna aliyetoza ada mahali popote njiani.)

Andreessen aliondoka Illinois, na Aprili 1994 yeye na Jim Clark wakaanzisha kampuni. Ilianza kwa jina la Mosaic. Chuo kikalalamika, ikageuka kuwa Netscape. Tarehe 9 Agosti 1995 hisa zake zilianza kuuzwa kwa dola 28, zikapanda mpaka karibu dola 75 ndani ya siku hiyo hiyo, zikafunga kwenye dola 58 na senti kidogo. Kampuni ya miezi 16, haijapata faida. Tangu siku hiyo vigogo wa Wall Street wakajua kutamka neno intaneti.

Katika masimulizi mengi Netscape ni kondoo na Microsoft ni chui. Siikubali hadithi hiyo moja kwa moja. Netscape walijifunza kazi katika chuo cha umma, kwa maandishi yaliyokuwa wazi, halafu wakaandika kivinjari chao upya na kuyafungia maandishi yake. Wakaanza pia kubuni alama zao wenyewe ambazo vivinjari vya wengine havikuzielewa, mojawapo ikiyafanya maneno yapepese kama taa ya disko. Microsoft nao wakajibu kwa alama ya kuyatembeza maneno kutoka upande huu hadi ule. Kurasa zikaanza kubeba matangazo kwamba huu unasomeka vizuri kwa kivinjari fulani. Jamani, ni kitabu gani kiliwahi kumwambia msomaji wake avae miwani ya kampuni fulani? Hao kondoo nao walikuwa wanaota kucha.

Hata hivyo chui alikuwepo. Tarehe 26 Mei 1995 Gates aliwaandikia wakuu wa kampuni yake waraka mrefu wenye jina la wimbi kubwa la intaneti. Ukiulinganisha na barua ya 1976 utadhani ni watunzi wawili. Mlalamikaji ametoweka, anayesema sasa ni mwenye nchi aliyeona moshi mpakani. Kuna mahali pamoja ambapo ningependa kila mwanafunzi wa mtindo apasome. Anasimulia kwamba alivinjari wavuti kwa saa kumi asikutane hata na faili moja la aina za Microsoft, huku ya washindani akiyaona. Yaani mtu ametembea mji mzima asisikie lugha ya kwao ikisemwa. Hofu hiyo ni ya kweli, na imeandikwa vizuri kwa sababu mwandishi hakudhani sisi tungeisoma. Ila taswira yake ya wimbi ina ujanja. Wimbi ni kazi ya maumbile, halina mtu nyuma yake, na anayejiokoa na wimbi hana hatia kwa atakachokivunja. Kumbe hili lilikuwa na watu, na majina yao yanajulikana.

Agosti 1995 Microsoft wakatoa Internet Explorer, kilichojengwa juu ya Mosaic kwa leseni waliyoipata kupitia kampuni ya Spyglass. Hawakukiuza, walikitoa bure, na baadaye wakakishona ndani ya Windows. Hebu sasa yatoe mfukoni yale maneno mawili. Mtu aliyeuliza mwaka 1976 nani anaweza kufanya kazi ya ustadi bila ujira alikuwa sasa anagawa kazi ya ustadi bila ujira, kwa lengo la kumkausha anayeuza. Kilikuwa bure, wala hakikuwa huru. Maandishi yake yalibaki kabatini kama yale ya 1976. Kwa mizani ya Stallman hakuna kilichobadilika isipokuwa bei.

Serikali ya Marekani ilifungua kesi tarehe 18 Mei 1998, na waraka wa wimbi ukawa miongoni mwa vielelezo. Ndivyo maandishi ya siri yalivyogeuka kuwa matini ya umma. Juni 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru kampuni igawanywe mara mbili, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo, pande mbili zikapatana. Kwa Netscape hayo yote yalikuwa ni kuleta kuni wakati wageni wamekwisha kwenda kulala. Novemba 1998 ilikwisha kukubali kununuliwa na AOL.

Niseme kidogo juu ya John Perry Barlow, kwa kuwa ni yeye anayependwa na wenzetu wa fasihi. Tarehe 8 Februari 1996, akiwa Davos, aliandika tangazo la uhuru wa ulimwengu wa mtandao, akizijibu hatua za serikali ya Marekani za kutunga sheria ya adabu mtandaoni. Barlow alikuwa mtunzi wa nyimbo, na inaonekana: tangazo lina mdundo, lina dharau tamu, linazifukuza serikali kama mama anavyofukuza kuku sebuleni. Mimi nilipolisoma mara ya pili nilichoka. "Sisi" yake imejaa watu wasio na miili, wasio na bili ya umeme, wasiohitaji kebo ya kupita ardhini kwa mtu. Mtandao anaoutangazia uhuru ulianza mwaka 1969 kwa fedha za serikali ile ile anayoifukuza. Na kampuni? Adui yake aliyepewa jina na sura ni serikali. Kampuni kaziachia kona ndogo. Ameufunga mlango wa mbele kwa komeo, akauacha wa uani ukipigwa na upepo.

Mei 1997, huko Würzburg, Ujerumani, Eric Raymond alisoma insha yake yenye taswira ya kanisa kuu na soko. Kanisa kuu hujengwa na wachache kwa ukimya mpaka litimie. Soko ni kelele za watu wengi, kila mmoja na lake, na katika kelele hizo, asema Raymond, ndimo Linux ilimozaliwa na kukomaa. Insha hiyo ilisomwa na wakubwa wa Netscape, na tarehe 22 Januari 1998 wakatangaza kwamba wataweka wazi maandishi ya kivinjari chao. Machi 31 wakayatoa. Ni mara chache sana uhakiki kuifanya kampuni ifungue kabati.

Taswira yenyewe, lakini, sijaridhika nayo. Aliyewahi kununua kitu Kariakoo anajua kwamba soko ndipo mahali ambapo muuzaji hatakuambia kamwe yeye kanunua kwa kiasi gani. Soko lina siri kuliko kanisa. Anachokieleza Raymond, watu kujitokeza kila mmoja na jembe lake kwenye kazi isiyo ya mmoja wao, sisi tunakiita msaragambo, na majirani zetu wa Kenya wangekiita harambee. Na anayejua msaragambo anajua pia matatizo yake: wapo wanaolima, wapo wanaosimamia wanaolima, na wapo wanaofika chakula kikishaiva. Soko halikumwezesha Raymond kuyaona hayo. Kampuni kubwa za leo, zinazoendesha seva zao juu ya Linux iliyolimwa na wengine, nyingine zimefika na jembe na nyingine zimefika na sahani.

Netscape walichelewa. Waliyoyatoa kabatini yalikuwa maandishi yaliyojikunja na kujikwaa, na kabla mwaka haujaisha mradi wa Mozilla uliamua kuandika upya sehemu kubwa. Ila yalikuwa nje, na hayakurudi ndani. Novemba 2004 yakazaa Firefox, wakati ambapo Internet Explorer kilikuwa kimeshika karibu soko zima.

Mwaka huo huo jambo hili lilifika nyumbani. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. OpenOffice ilitokana na programu ambayo Sun Microsystems iliifungua maandishi yake mwaka 2000. Watafsiri walikabiliana na kazi ambayo kila mwanaisimu wa hapa anaijua, ya kutafuta neno kwa kila kitufe, na unaweza kubishana nao juu ya neno hili au lile. Jambo ninalolisisitiza ni jingine. Hawakuandika barua kuomba ruhusa. Hawakusubiri mtu wa mbali aamue kama wasemaji wa Kiswahili ni soko la kutosha. Mwaka huo huo Microsoft nao walitangaza mpango wa kuzitia programu zao Kiswahili, na ni haki yao kusifiwa kwa hilo. Lakini hapo sisi tulikuwa wa kupewa, na mpaji ndiye aliyeshika kalamu.

Najua nitaambiwa kwamba Jambo haikuenea. Ni kweli kwamba katika maabara za kompyuta nilizopita mimi sijaikuta hata moja. Kwa kipimo cha soko imeshindwa. Ila sisi wa fasihi tangu lini tunapima matini kwa soko? Tungefanya hivyo, nusu ya muhtasari wetu wa masomo ingefutwa kesho asubuhi.

Mwaka 2013 CERN iliurudisha ukurasa wa kwanza wa wavuti kwenye anwani yake ya awali. Niliufungua usiku mmoja wakati naandaa makala haya, nikaagiza kivinjari kinionyeshe chanzo. Vilikuwa vijistari vichache: kichwa, maelezo ya mradi ni nini, orodha ya viungo. Nilivisoma vyote, alama kwa alama, kabla chai yangu haijapoa, na ningeweza kuuandika mwingine kama huo hapo hapo. Kisha nikafungua ukurasa wa gazeti moja la siku ile, nikaagiza vilevile. Zikaja herufi zilizobanwa bila nafasi, majina yaliyopunguzwa kuwa herufi moja moja, mstari mmoja mrefu kuliko skrini zangu ishirini. Nikaanza kutafuta sentensi ya kwanza ya habari yenyewe, ile niliyoiona kwenye ukurasa kwa macho yangu. Sikuipata.